Nani kasema kompyuta ikilazwa inakufa?

Kuna tangazo nimelikuta katika ofisi zaidi ya moja hapa mjini, limechapwa kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi: NI MARUFUKU KULAZA CPU. Chini yake hakuna sababu. Ukiuliza unaambiwa "itakufa". Ukiuliza itakufaje, unaangaliwa kama mtoto aliyeuliza kwa nini usiku hatupigi mluzi. Utaita nyoka, basi, kaa kimya ule ugali wako.

(Tuwekane sawa mapema kuhusu jina. Lile boksi siyo CPU. CPU ni kile kidude kidogo cha mraba kilichojificha ndani, chini ya feni. Lakini Wabongo tumeshaamua kuliita boksi zima CPU na lugha ni ya wenyewe, siwezi kushindana na nchi nzima. Humu ndani nitasema "boksi" tu, ili wasomi wa IT wasinitoe roho.)

Sasa mimi nasema hivi. Boksi la kompyuta linaweza kulala. Likilazwa kwa upande unaotakiwa, likaachiwa nafasi ya kupumua, litakutumikia kama ambavyo lingekutumikia likiwa limesimama. Kinachoua kompyuta zetu ni vumbi, joto, umeme wa kuja na kukatika, na ile tabia ya kusogeza boksi huku linafanya kazi. Kulala kwenyewe hakuna kesi.

Mtu atasema, kijana, umekosa cha kuandika? Sijakosa. Huu mwiko wa kulaza boksi una watu unaowafaidia na una watu unaowaumiza. Unamfaidia fundi asiyetaka kufungua skrubu mbili aangalie ndani. Unamfaidia bosi anayetafuta mtu wa kumbebesha gharama. Unamuumiza yule wa chini kabisa, mchapaji wa stesheneri, karani wa mapokezi, mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa habari moja moja. Nitafika huko. Kwanza tuubomoe mwiko wenyewe.

Wengi wetu tulipokutana na kompyuta mara ya kwanza tulilikuta boksi limesimama kama mnara, tukadhani ndivyo lilivyoumbwa. Si kweli. IBM walipotoa kompyuta yao binafsi ya kwanza, tarehe 12 Agosti 1981, ilikuwa imelala. Chali, kama godoro, na monita imekaa juu yake. Ile PC/AT ya mwaka 1984 nayo ilikuwa ya kulala, na IBM hao hao wakauza kifaa cha pembeni cha kuisimamisha ubavuni ili ikae sakafuni. Mwaka 1987 walipotoa familia ya PS/2, Model 60 na Model 80 ndizo zikaja zikiwa za kusimama tangu kiwandani. Yaani mzee aliyekuwa na kompyuta miaka ya themanini, wasiwasi wake ulikuwa kinyume na wa kwetu. Aliogopa kuisimamisha!

Minara ilishinda kwa sababu za kawaida tu. Ilikuwa na nafasi ya kuchomeka kadi nyingi na diski nyingi, na ilihamia chini ya meza ikamwachia mtu meza yake. Ni suala la fanicha, halina uhusiano wowote na uhai wa mashine.

Halafu angalieni hizi kompyuta za mtumba tunazonunua kila siku, zile OptiPlex ndogo za Dell zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya. Ishike ile nembo ya mbele. Inazunguka! Waliiweka izunguke ili ukiisimamisha nembo isomeke, na ukiilaza nembo isomeke pia. Sony walifanya hivyo hivyo kwenye PlayStation 2 mwaka 2000, na vijana wa vibanda vya gemu wanajua ninachosema. Kiwanda kinakuwekea nembo ya kuzunguka, wewe unabandika marufuku ukutani. Kazi kweli kweli.

Na kama hiyo haitoshi, fikirieni kompyuta kubwa zinazoendesha benki na mitandao ya simu. Nyingi ni za bapa, zinasukumwa kwenye kabati la chuma moja juu ya nyingine kama trei za mikate. Iliyo nyembamba ina unene wa sentimita 4.45 tu. Zimelala, ziko katika kazi usiku na mchana, mwaka hadi mwaka. Salio lako la benki linahesabiwa na kompyuta iliyolala, na hujawahi kwenda kaunta kulalamika.

Tuje kwenye diski ngumu, maana hapo ndipo mafundi wengi wanapojificha. "Ukiilaza, diski inaharibika." Haya, fungua boksi lililosimama uangalie diski imekaaje. Katika minara mingi ya kawaida, diski imelala! Boksi likisimama diski inalala, boksi likilala diski inasimama kwa ubavu. Kwa hiyo huyo fundi anayesema diski haifai kulala anatetea boksi ambalo ndani yake diski imelala siku zote. Hajui anachokitetea.

Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka, nyingi kwa kasi ya mizunguko 7,200 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 120 kila sekunde. Juu ya sahani kuna kichwa cha kusomea, kidogo kuliko punje ya mchele, kilichoshikwa na mkono wenye springi. Springi inakisukuma kuelekea kwenye sahani, na hewa inayozungushwa na sahani yenyewe inakisukuma kisiguse. Kinaelea hapo katikati, kwenye nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Uzito wa hicho kichwa ni mdogo kiasi kwamba kama chini ni huku au chini ni kule, haibadilishi kitu. Seagate na Western Digital, ambao ndio wanazitengeneza, wote wanasema diski zao zinaweza kufungwa kwa mkao wowote ili mradi zimekazwa vizuri. Sasa kati ya aliyetengeneza na jamaa mwenye bisibisi moja mfukoni, tumsikilize nani?

Lakini nafasi hiyo ndogo ndiyo inayotuambia hatari halisi iko wapi. Ukilipiga teke boksi linalofanya kazi, au ukalipindua ghafla ulilaze huku limewaka, kile kichwa kinaweza kugonga sahani, na hapo kumbukumbu za miaka mitatu zinaondoka kwa sekunde moja. Kwa macho ya mtu wa nje, kompyuta "imekufa kwa kulazwa". Hapana bwana. Imekufa kwa kugeuzwa ikiwa inakimbia. Ni mambo mawili tofauti kama kulala kitandani na kusukumwa kitandani.

Mfano mzuri wa tofauti hii ni Xbox 360 ya Microsoft, iliyoanza kuuzwa Novemba 2005. Ile inaweza kusimama na inaweza kulala. Lakini ukiigeuza wakati CD inazunguka ndani, CD inakwaruzwa. Watu walishtaki huko Marekani, na Desemba 2008 nyaraka za kesi zikaonyesha kwamba ndani ya Microsoft walilijua tatizo kabla mashine haijaingia sokoni. Kusimama sawa, kulala sawa. Kugeuza katikati ya mchezo, kilio.

Sitaki kuwaonea mafundi wa zamani. Mwiko huu haukutoka hewani. Diski za miaka ya themanini, kama ile Seagate ST-225 ya megabaiti 20, zilisogeza kichwa kwa mota ya hatua kwa hatua, haikuwa na njia ya kujisahihisha. Ukiiandaa diski ikiwa imelala halafu ukaisimamisha, kichwa kingeweza kukosa mstari wake kidogo, na makosa ya kusoma yakaanza. Ushauri wa wakati ule ukawa diski iandaliwe katika mkao ule ule itakaotumika. Ushauri mzuri kabisa... kwa mashine za mwaka 1985! Diski zilizofuata zilikuja na kichwa kinachojitafutia mstari chenyewe kwa kusoma alama zilizoandikwa kwenye sahani, na tatizo likafa. Mashine zimebadilika, ushauri umebaki umepoteza sababu yake njiani, umegeuka kuwa mwiko. Ndivyo miiko mingi inavyozaliwa.

Kuna hoja nyingine naisikia sana, na hii inatolewa na waliosoma soma kidogo: joto hupanda juu, kwa hiyo boksi lazima lisimame. Ni kweli hewa ya moto hupanda. Lakini ndani ya boksi kuna feni, na feni ina nguvu kuliko huko kupanda. Katika mnara wa kawaida hewa inaingia mbele inatokea nyuma. Ukiulaza, mbele inabaki mbele na nyuma inabaki nyuma. Hewa haijui kama boksi limelala! Muulizeni mwenye hoja hii kompyuta za kulala za miaka ya themanini na tisini ziliishije.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana kuna kundi lingine nalo halijanifurahisha. Hawa ni wale vijana wa mjini wanaokwambia "laza tu kaka, haina noma", wanalitupa boksi juu ya zulia kwa upande wowote, linakaa linakoroma. Na wao wanaua kompyuta. Tofauti yao na wa kwanza ni kwamba wanaua kwa kujiamini.

Boksi lina ubavu mbili na hazifanani. Ndani, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu (mafundi wanauita madabodi) umefungwa kwenye ubavu mmoja. Katika maboksi mengi, ukikaa mbele ya kompyuta ukaitazama, ubao uko kulia kwako, na ubavu wa kushoto ndio unaofunguka na ndio wenye matundu. Miaka ya 2003 na 2004, wakati prosesa za Pentium 4 zinachemka kama chungu cha maharage, Intel iliwaelekeza watengeneza maboksi watoboe ubavu huo na kuweka bomba linalopeleka hewa ya nje moja kwa moja kwenye prosesa. Haya, wewe ukililaza boksi hilo kwa ubavu wa kushoto chini, umefanya nini? Umeiziba pua kwa mto.

Kwa hiyo upande wa ubao uende chini, upande wenye matundu utazame juu. Kuna maboksi machache yaliyojengwa kinyume, kwa hiyo usikariri kulia na kushoto. Chungulia nyuma. Zile sehemu za kuchomekea kibodi, mausi na waya wa mtandao zimebanana karibu na ubavu mmoja, na huo ndio upande wa ubao. Kama na huo una matundu, basi ndiyo sababu zaidi ya kuliinua boksi kidogo kutoka mezani.

Kuna faida hapa ambayo hata wanaoruhusu kulaza hawaitaji. Boksi likisimama, lile pande la bati lenye mapezi linalotoa joto kwenye prosesa linaning'inia kwa ubavu, limeshikwa na vishikizo vichache. Kadi ya picha nayo inaning'inia kama rafu iliyofungwa upande mmoja. Kadi kubwa za siku hizi zinazidi kilo 2, na wenyewe wanaziwekea nguzo zisipinde. Ukililaza boksi ubao ukiwa chini, lile pande linakaa juu ya prosesa kama sufuria juu ya jiko, na kadi inasimama wima kwenye tundu lake. Uzito wote umepata pa kuegemea. Kwa maana hiyo mkao wa kulala una heshima kuliko wa kusimama, lakini hilo huwezi kulikuta kwenye karatasi ya ukutani.

Miguu je? Boksi lina miguu ya mpira chini, halina ubavuni. Kata ndala zilizochoka vipande vinne, gundisha kwenye kona nne za ubavu utakaokwenda chini. Umemaliza, na hujatumia hata senti. Ndala zitalipa boksi nafasi ya hewa chini yake, zitazuia mtikisiko na zile kelele za bati linalogongana na meza. Zitasaidia pia siku mtu akimwaga chai mezani, maana chai itapita chini badala ya kuingia. Zulia, kitanda, kochi, hapana. Sakafuni napo sipapendi, liwe limesimama au limelala. Sakafu zetu zinafagiliwa asubuhi na kudekiwa baadaye. Ufagio unarusha vumbi kwenye urefu ule ule ambao feni ya mbele inavuta hewa, halafu dekio linakuja na maji. Anayebandika marufuku ya kulaza huku boksi limesimama sakafuni pembeni ya ndoo ya kudekia... nimwambie nini mimi?

Sasa hatari kubwa kuliko zote za kulaza boksi, na hii haina uhusiano na umeme wala sumaku. Ukililaza, umetengeneza meza! Na sisi tukiona kitu bapa hatujizuii. Kesho yake kuna faili juu yake. Keshokutwa kuna chupa ya chai. Wiki ijayo kuna kitambaa cha kufuma chenye maua, juu ya kitambaa kuna chombo cha maua ya plastiki, na matundu yote ya hewa yako chini ya kitambaa. Kompyuta inachemka, feni inapiga kelele, mtu anaongeza sauti ya redio asiisikie. Enzi za monita za chogo watu walikuwa wanabandika monita ya kilo 16 juu ya ubavu wa mnara wa bati jembamba, bati linabonyea, wanashangaa CD haitoki. Yale maboksi ya kulala ya zamani yalitengenezwa kubeba monita. Ubavu wa mnara ni mlango tu. Nani anaweka jiko juu ya mlango?

Ukinibana kabisa nitakubali kwamba katika ofisi isiyoweza kuacha kitambaa cha kufuma, boksi lisimame. Lakini tuseme hivyo hivyo, kwamba tunalisimamisha kwa sababu ya kitambaa. Tusimsingizie diski.

Namna ya kulilaza haina uchawi. Zima kompyuta kwa njia yake, siyo kwa kuchomoa waya. Subiri nusu dakika hivi, sahani za diski zisimame kabisa. Chomoa umeme na waya zote za nyuma, toa CD kama imo. Liinue kwa mikono miwili, literemshe taratibu kwa upande niliousema, usiliburute wala usiliangushe sentimita mbili za mwisho kama gunia la mkaa. Nyuma liachie nafasi ya kiganja kutoka ukutani, mbele usiweke kitu. Hakikisha waya hazijavutika, hasa ule wa monita wenye skrubu, maana boksi likishalala matundu yake yamehama na waya uliokuwa unafika haufiki tena. Kisha washa. Weka mkono nyuma usikie hewa inatoka. Baada ya saa moja weka mkono tena juu ya bati. Uvuguvugu ni kawaida, lakini kama unauondoa mkono haraka, kuna mahali pamezibwa, zima utafute.

Ukiwa umeshalitoa mahali pake, fungua ubavu ulipulize vumbi, huku umezuia feni kwa kidole isizunguke hovyo. Ziba na zile nafasi tupu za nyuma za kadi ambazo vibati vyake vilishapotea. Mende na mijusi huko ndiko wanakoingilia, na boksi lililolala lenye joto kwao ni hoteli. Kile kisanduku cha pawa saplai usikifungue, umeme unabaki humo hata baada ya kuchomoa.

CD ndiyo sehemu pekee ambapo wenye marufuku wana hoja ya kweli. Mnara ukilala, trei ya CD inasimama wima na CD inaanguka. Trei nyingi zina vimeno vidogo pembezoni vya kuishikilia. Vivute viingie ndani, weka CD nyuma yake, itakaa. Kama trei yako haina vimeno, toa CD na tumia flashi, kama ambavyo wengi tunafanya siku hizi.

Kwenye mashine mpya mambo ni mepesi zaidi. Yenye SSD haina sahani wala kichwa, ilaze unavyotaka. Yenye ubavu wa kioo, kioo kitazame juu na pasiwekwe kitu. Yenye feni za juu, ile "juu" sasa imekuwa ubavu, iachie nafasi. Na yenye kupozwa kwa maji, angalia pampu isiwe ndiyo sehemu ya juu kabisa kuliko rejeta yake, maana mapovu ya hewa yatakwenda kukusanyika hapo.

Sasa nirudi nilikoahidi. Kuna dada mmoja alikuwa anachapa kwenye stesheneri moja, jina lake na la duka ninabaki nayo. Meza ilikuwa ndogo, printa imejaa, akalilaza boksi chini ya rafu. Lilikaa hivyo miezi. Siku moja umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena ndani ya dakika chache kama kawaida yetu, na kompyuta haikuwaka. Akaitwa fundi. Fundi akaangalia boksi limelala, akatikisa kichwa, akasema, "Bosi, hii imelazwa, diski imekwenda." Hakufungua skrubu hata moja! Hakupima pawa saplai. Dada wa watu akajitetea, "Bosi, mbona ilikuwa inafanya kazi siku zote hizo?" Akajibiwa asilete ubishi na mtaalamu. Diski mpya na ufundi vikakatwa kwenye mshahara wake miezi mitatu mfululizo. Umeme uliokatika mara mbili haukukatwa kitu.

Nilipomsikiliza nilimuuliza kama alisaini karatasi yoyote kukubali kukatwa. Hakusaini. Kama aliandikiwa kosa ni nini na hesabu imefikiwaje? Hakuandikiwa.

Basi waajiri wenye kubandika marufuku wasome na hiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi fidia ya kitu kilichoharibika kwa sababu tu amekasirika. Lazima uharibifu uwe umetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Lazima mfanyakazi akubali kwa maandishi. Lazima apewe kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi na hesabu yake, na apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake.

Someni hapo penye neno "kosa", halafu rudini kwenye diski za Seagate na Western Digital. Kama mtengenezaji mwenyewe anasema diski inakaa kwa mkao wowote, mfanyakazi aliyelilaza boksi amekosa nini? Fundi anayetoa hukumu bila kufungua boksi aandike ripoti, aweke na sahihi yake: pawa saplai imepimwa, diski imepimwa, kilichoungua ni hiki. Akishindwa kuandika hivyo, makato hayo hayana mguu wa kusimamia.

Na wewe uliyekatwa tayari, mgogoro wa namna hii unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa fomu namba moja. Siku zake ni 60 tangu mgogoro ulipoanza, zile 30 ni za walioachishwa kazi. Yule dada aliposikia hayo, siku zake zilikuwa zimeshapita.